Kabla ya Agosti

Jumanne, maji yamekatwa.
Nimechukua bili ya stima, nikaandika mgongoni mwake:
makoti ya mvua matatu. Tochi mbili. Gambuti.
Dawa ya tumbo. Chumvi, kwa ajili ya ruba.
"Ruba ni nini?" Imali akauliza,
na Lumbasi, mwenye miaka saba na majibu ya kila kitu,
akamfyonza dada yake mkono hadi ukabaki wekundu.
Nikafuta ruba.
Chumvi nikaiacha.

Hapa Donholm, ghorofa ya nne, tuna mti mmoja,
mjakaranda uliopigiliwa bango la muuza dawa ya kunguni.
Ndio msitu wanaoujua wanangu.
Khasandi amepima kwa rula kwenye atlasi ya shule,
Nairobi hadi Kakamega: "Sentimita sita, Mama. Si mbali."
Si mbali.
Sentimita sita na miezi saba ya kopo la kakao
lenye tundu kifunikoni.
Tangu Februari sijasuka nywele;
nimenyoa, kichwa kikabaki peupe,
ili wao wakaone miti iliyosimama.

Gikomba, Jumamosi, gambuti za Imali:
zote mbili za mguu wa kushoto.
Muuzaji akaapa kwamba mtoto wa miaka minne
hana kulia wala kushoto.
Akanipunguzia hamsini.
Sasa anazunguka sebuleni kama bata aliyeahidiwa ziwa,
analala nazo,
na shuka linanuka mpira.

Maswali ya Lumbasi, kabla ya uji:
Msitu huzimwa saa ngapi?
Mbega wakipigana juu, nani huwaamua?
Nyoka akiingia kwenye gambuti yangu,
ni wangu, au ni wa serikali?

Jana tulifanya mazoezi.
Blanketi juu ya viti, taa tukazima,
Khasandi akawa hondohondo, akakoroma kwa pua
mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.
Mimi nikawa mvua,
mvua ya kikombe kimoja,
maana ndoo ilikuwa ya mwisho.

Walipolala nikampigia baba, Khayega,
nimuulize njia isiyo na tope nyingi,
mahali ambapo mtoto anaweza kutembea.
Redio yake ikasema peke yake kwa muda.
"Njia ninazozijua mimi," akasema,
"ni za kuburuta magogo."
Nilijua alipasua mbao. Sikujua ni wapi.
Msumeno wa watu wawili, mmoja juu, mmoja shimoni;
yeye ndiye wa shimoni,
unga wa mti ukimwingia machoni.
Mutukuyu mmoja, siku tatu.
"Karo yako ya kidato cha kwanza," akasema,
"ilikuwa na ndege juu yake."

Sikupata la kusema. Nikamuuliza habari ya goti.

"Kuna kisiki," akasema, "ukivuka Isiukhu,
kipana kama meza ya harusi.
Wapeleke watoto wakikalie.
Kama kimechipua, nipigie.
Kama hakijachipua,
sema mtandao ulikuwa mbaya."

Nikakaa gizani na ile bili.
Chini ya gambuti nikaandika: kisiki cha babu.
Khasandi, niliyedhani amelala,
akasoma kutoka begani kwangu, akanisahihisha:
"Mama, hii ni orodha ya vitu vya kubeba."

Nikamwambia, ndiyo.
Nikampa kalamu aandike kilichobaki.
Akaandika, kwa mwandiko wake wa duara:
maji. Maji mengi.
Kisha akafikiri,
akaongeza chumvi mara ya pili.