Salfa ya Julai

Umeme umerudi saa tatu usiku.
Nimewasha taa ya urujuanimno, nimepanga vichupa vinne
kwenye meza yenye duara la chai la Bwana Chiwaya,
aliyehamishwa Mtwara akaniachia funguo na kikombe.

Ndani ya kila kichupa, nukta.
Usiziite vumbi. Vumbi kwao ni jabali.
Zilizo ndogo huwaka kijani, zilizonenepa nyekundu;
za leo zote ni za chungwa bichi linaloanza kuiva.

Cha kwanza nimekiacha uchi.
Kiliwaka kwa majivuno. Dakika ya ishirini kikapepesa,
ya arobaini, maji matupu.
Mwanga uliokiamsha ndio uliokila,
hewa ikishika miguu.

Cha pili nimekivika mafuta,
minyororo mirefu iliyoshikilia kwa kidole kimoja.
Ikaachia, mmoja mmoja,
kama vibarua malipo yakichelewa.

Cha tatu na cha nne, zinki na salfa.
Salfa!
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Wiki hii Mama Somoe, kule Kitangari,
amejifunga kanga hadi puani, mashine mgongoni,
anaivika mikorosho unga huohuo wa njano
ubwiri usile maua.

Nikampigia. "Mama, na mimi napulizia."
"Miti mingapi?"
"Haihesabiki."
"Basi jiandae. Chama kimetupa nusu mfuko."
Halafu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuunguza shamba:
"Usizidishe. Salfa ikizidi, ua linaungua."

Nilikuwa nimeshazidisha.
Cha tatu kina tabaka saba.
Ganda lilinenepa, likaibana mbegu, likafanya ufa,
na katika ufa, hewa haibishi hodi.

Cha nne kina tabaka nne tu.
Saa kumi alfajiri bado kinawaka.
Tisini na moja kwa mia, nimeandika.
Nikafuta, nikapima tena:
themanini na tisa.
Nimeiacha hiyo.

Mama aliwahi kubangua korosho kiwandani misimu sita,
mikono mitupu, majivu kidogo yakiwepo.
Mafuta ya ganda yalikula ncha za vidole;
mashine ya kupigia kura haimtambui.
Hilo sijui niliandike safu ipi.

Kichupa cha kwanza sijakimwaga.
Nimekibandika karatasi: tarehe,
kilivyovaa: hakuna,
muda kiliowaka.