Kilomita Elfu Kumi na Tatu na Kitu

Nimeandika nyuma ya daftari la rambirambi,
chini ya jina la Mwaisaka, debe moja la mahindi:
Winipegi hadi Songwe, elfu kumi na tatu, mia tano na kitu.
Saa kumi na saba, kama ndege ingekuwa mshale.

Ndege si mshale, Lusajo.
Inatua Toronto, inatua Adisi,
inakulaza Dar kwenye viti vya chuma,
na zile saa kumi na saba zinazaa nyingine ishirini na tatu.
Kikao kikauliza: mwili usubiri mpaka lini?
Baba mdogo Ambakisye, karani wa zamani wa Tazara,
alitaka kujua tu unapita stesheni ngapi.
Nikamwambia tatu.
Akacheka, palepale msibani:
"Tatu? Basi ni karibu."

Mochwari wanahesabu kwa siku.
Mama hakuwahi kuhesabu kilomita.
Kila ulipopiga simu aliuliza, huko ni saa ngapi,
na ukisema usiku wa manane
alishusha sauti,
asije akawaamsha majirani zako,
huku jua la Mbalizi likimchoma mgongo
na maharage yake yakikauka mkekani.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, ukungu.
Hata mgomba wa jirani haukuonekana.
Tukakusikia.
Vijana walikuwa ndani ya kaburi hadi kiunoni,
wakasimamisha majembe.
Wanawake wakaacha kumenya ndizi.
Ulizunguka mara moja, ukazunguka tena,
ukashuka mpaka bati la jikoni likatetemeka,
na Atuganile, ambaye hajawahi kukuona,
akapunga mkono kuelekea weupe mtupu.
Kisha mngurumo ukapanda,
ukageuka,
ukarudi Dar.

Nikafungua daftari.
Elfu kumi na tatu ulikuwa umezimaliza.
Zile mia tano pia.
Kilichokushinda ni hicho "kitu",
ambacho mimi niliandika kwa uvivu wa kutafuta tarakimu.

Tulizika saa tisa.
Mchungaji alikuwa na msiba mwingine Inyala,
na mwili, samahani, usingengoja zaidi.
Makoleo yalipokaribia kumaliza
Baba mdogo akanyoosha fimbo: hapo, miguuni, acheni.
Wakaacha shimo dogo, upana wa sufuria ya uji.
Udongo wake tumeurundika kando
na kuufunika kwa turubai usilowe umande.
Watu waliuliza. Hakuna aliyewajibu.

Wanasema kesho ndege itajaribu tena, ukungu ukipenda.
Koleo limesimama palepale.
Kutoka Songwe mpaka hapo
ni dakika ishirini,
malori ya Tunduma yakikupisha.