Safu ya Nne

Daftari la shehia lina safu sita:
jina, jinsia, mwaka, alikotoka,
kazi, saini, au dole gumba.
Miaka kumi na moja nawaandika watu wa Kinuni,
na safu ya nne ndiyo wanayoinama kuichungulia.

Jumamosi tulikutana skuli, darasa la pili,
watu wazima kwenye madeski ya watoto,
magoti yakigonga mbao.
Ajenda ilikuwa maji.
Maji yenyewe hayakumaliza dakika tano.

Ussi Vuai alisimama, kofia mkononi:
"Bomba lile lililazwa kwa nyumba arubaini.
Leo zimepita mia tatu. Mie simchukii mtu,
lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."
Makofi.
Machano, fundi mifereji, hata hakuinuka:
"Jembe wanalo, Ussi. Shamba ndilo uliloliuza."

Kikapita kicheko, kisha kikajutiwa,
maana nusu yetu mle tumejenga
penye minazi ya marehemu Vuai,
ishirini kwa kumi na tano, ishirini kwa kumi na tano,
na karatasi za mauzo niliziandika mimi,
nakala mbili mbili.

Mtu wa nyuma akasema: wa bara hao.
Mwengine: na wa Pemba jee?
Hapo nikainama,
nikachonga penseli iliyokwisha kuchongwa.

Bimkubwa wa kituo cha afya hakutaja kwao mtu.
Alitaja vitanda vinne.
Alitaja usiku wa kuamkia Idi, wazazi tisa,
wawili wawili, kichwa cha huyu penye miguu ya yule,
na wa tisa kwenye benchi la kusubiria chanjo.
"Wa benchi ni mkweo, Ussi,"
si kwa kumsuta. Kama mtu anayesoma mita.
Ussi akavaa kofia.

Mjukuu huyo nilimwandika siku ya saba.
Safu ya nne: *hapa hapa.*
Kurasa sita za mwaka huu,
*hapa hapa, hapa hapa,* mpaka chini.
Sikulisema hilo. Karani haulizwi.
Wala sikuitaja droo.

Ndani ya droo imo barua ya Kabula.
Geita; miaka saba yupo nasi;
hufua mashuka ya hoteli huko Kiwengwa
mpaka vidole vyake havitoi tena alama kwenye wino.
Anataka mwanawe aanze la kwanza.
Umebaki muhuri tu.
Nilimwambia njoo Jumatatu.
Jumatatu nikamwambia Alkhamisi.
Hakuna aliyeniagiza.
Nilikuwa nimesikia maneno dukani,
yakaniingia kama unyevu unavyoingia kwenye chumvi.

Saa nane za usiku, dirisha likagongwa.
"Bi Mkasi, yametoka!"
Ni yeye. Ndiye huwa macho,
ndiye hupita mlango kwa mlango,
kwa Machano, kwa Bimkubwa, kwa Ussi pia,
hata akirudi penye mfereji
madumu yake yameshakuwa ya mwisho.

Nikajaza matatu.
La nne lilifika nusu, yakakohoa, yakakatika.
Nyuma yangu alikuwa yeye.
"Basi," akasema, "kesho,"
neno lile lile ninalompa mimi.

Alfajiri nikafunua ukurasa wa zamani,
mwandiko wa karani aliyenitangulia:
*Mkasi Faki. Ke. 1979. Micheweni.*
Hapo penye Micheweni wino umevimba,
kama mtu aliyesita na kalamu chini.

La kwanza lina watoto mia na kumi na wawili.
Mwalimu hawaoni wa nyuma, husikia tu.
Hesabu hiyo ni ya kweli, Ussi hakusema uongo.
Wa mia na kumi na tatu
yumo ndani ya droo yangu,
na ufunguo ninao mimi.