Orodha ya Nabor

Kila Juni, joto likishavuka arobaini
na vumbi la Torreón limeziba hata matundu ya kufuli,
Nabor huomba karatasi kwa Doña Hermila,
ile ya kufungia chapati za mahindi,
akachora miraba: kumi na minne kushoto, kumi na minne kulia.
Nyumba mbili. Wapiganaji wa kampuni hii, wapiganaji wa ile,
mahasimu wa sokoni waliooana mara tatu
kisha wakarudishiana mahari kupitia wanasheria.

Tangu mchezo wa tatu imepita miaka kumi na sita.
Mimi nimeota kitambi. Efraín kaenda Dallas, karudi, kaenda tena.
Wa nne haujaja.

Mashine yenyewe bado ipo, kati ya friji ya soda na mizani ya unga.
Fimbo yake imevishwa kitasa cha mlango,
maana kirungu chake kiliibwa siku ya harusi ya Chela.
Kitufe cha teke zito hakisikii mpaka ukiambie mara mbili,
na jina la mchezo limeunguza kioo:
umeme ukikatika, bado unalisoma.

Wengine wote tunajua tunachotaka.
Efraín analitaka lile jitu la barafu, lirudi na pigo lake la zamani
kabla hawajalifanya butu.
Mtoto wa Chela, ambaye hata hakuwa amezaliwa,
anataka kupigana na mtu wa Korea bila picha kukwamakwama.
Mimi nautaka muziki wa jukwaa la kiwanda cha chumvi,
na ruhusa ya kuchagua watatu, si wawili.
Lakini Nabor huanzia mraba wa mwisho, kona ya chini.
Anamwandika Mwasha Taa.

Hakuna anayemtaka Mwasha Taa.
Mikono mifupi, mwendo wa konokono,
ngao yake utaipasua kwa ngumi za rasharasha.
Ila ana pigo moja. Akibakiwa na uhai mwembamba kama unywele,
jukwaa zima huingia giza: moja, mbili,
kisha taa,
na taa ikiwaka, aliye chini ni wewe.
Nabor alinifanyia hivyo tukiwa na miaka kumi na tisa,
jioni aliyotoka hospitali na vidole vitatu mkono wa kulia;
viwili alikiachia kiwanda cha nyaya.
Nilikuwa nimepanga kumwachia ashinde.
Sikupata hata nafasi ya kumhurumia.

Mwaka huu tulikalia kreti, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya pilipili.
Efraín yuko kwenye simu nyingine, anatafuna kitu.
Tangazo likaanza. Giza.
Ikatokea nembo ya nyumba ya kwanza.
Doña Hermila akazima mashine ya kukanda, asiulize kwa nini.
Tukaingoja ya pili. Nilisikia friji ikipumua.
Likatokea gurudumu.
Gurudumu, barabara, bahari ya nchi fulani ya matajiri:
mchezo wa magari.

Mtoto wa Chela akatukana, akazabwa kofi la kisogo.
Efraín akasema saa za chakula zimekwisha, akakata.
Nabor akakunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati
pamoja na ile ya mwaka jana, nadhani, na ya mwaka juzi.
“Wanasheria nao wana watoto,” alisema.
“Na watoto lazima wanacheza.”

Akatia sarafu. Akamchagua yeye yule.
Nilimpiga raundi mbili, bila aibu,
kioo kikamwuliza kama anaendelea:
tisa, nane, saba, sita.
Mashine hii ina ugonjwa, mafundi wameushindwa:
ikifika moja inakwama hapo,
haishuki kwenye sifuri hata ukiiacha mpaka duka lifungwe.
Moja ikawa inawakawaka usoni mwa Nabor,
nyekundu, kisha hakuna, kisha nyekundu.
Akapapasa suruali, mfuko huu, mfuko ule.
“Una peso?” akaniuliza.