Uzi Mweupe

Sukari nusu, iliki, uzi mweupe namba arubaini.
Sukari nusu, iliki, uzi mweupe…
Nilikwenda nikiyataja kwa kila pumzi,
kwani nikinyamaza tu yangenidondoka.

Kichochoroni Mkomani
punda wawili wa mchanga wakanibana ukutani.
Mwenye punda akaniuliza hali ya babangu,
nami, kwa adabu, nikamjibu.

Kufika kwa Famau: sukari nusu.
Famau kichwani anajumlisha madeni ya watu wanne,
mkono kwenye mizani, jicho kwenye chenji,
na hakuna hata senti inayompotea.
"Na nini tena?"
Nikatazama dari. Dari haikujua.

Nilirudi na biskuti.

Bibi Barke hakunipiga. Alicheka
hata kofia aliyokuwa akiitoboa ikamponyoka mapajani.

Siku hizi ananiuliza mimi ni mtoto wa nani.
Namwambia. Anaitikia, anafurahi,
na chai haijapoa
ameshaniuliza tena.
Lakini mpe sindano:
vidole vinakwenda vyenyewe, tundu kwa tundu,
havimwulizi mtu njia.

Nami niliyeshindwa kubeba maneno matatu
kutoka Mkomani hadi Langoni
nimeyabeba miaka thelathini na moja
bila hata kuyataja:
iliki,
uzi mweupe,
namba arubaini.

Juzi nilimpelekea.
Akaupokea uzi, akaulamba ncha,
akaupitisha kwenye sindano mara moja tu.

"Umekawia," akasema,
wala hakuinua macho.