Kola za Kaniki

Picha tuliazimwa kwa siku nane.
Sista Klotilda aliichomoa ndani ya kitabu cha sala,
Mama akaifunga kwenye leso, leso akaitia kifuani,
akateremka nayo kutoka Kibosho hadi Moshi mjini
bila kuinama hata kufunga kiatu,
maana kiatu hakuwa nacho.

Watoto watatu wa Ufaransa, mwaka wa 1906,
wamesimama kama vidato vya ngazi,
wote sare: blauzi nyeupe,
kola pana iliyomwagikia mabegani,
mistari mitatu ukingoni, tai ya fundo.
Wa mwisho, mwenye mashavu, kavaa gauni.
"Naye ni mwanamume," Mama alimwambia fundi.
"Nimeuliza mara mbili."

Fundi Shomvi alikuwa mtu wa Pangani.
Akaitazama picha, akaitazama cherehani, akamtazama Mama.
"Mabaharia waliozaliwa nami
hufunga shuka kiunoni, basi.
Na huku kwenu, bibie, maji makubwa ni mfereji."
"Shona," alisema Mama,
akafungua pesa ya kahawa.

Buluu ya Kizungu haikuwepo dukani.
Akakata marekani kwa mwili, kaniki kwa kola.
Utepe nao haukutosha:
Ndekirwa mistari mitatu, Aloisi mitatu,
mimi mmoja, tena uliopinda,
Fridolini hakuna.
Hivyo vyeo vyetu vikajulikana.

Noeli tukaingia kanisani kwa safu,
mkubwa mbele, nasi nyuma yake tukipungua.
Watu walisahau kupiga goti.
Ndekirwa alikanyaga kama mwenye meli.
Fridolini, miaka minne, ndani ya gauni lake,
alilifunua pindo kila hatua
akitafuta suruali
aliyoamini imefichwa humo.

Tulipotoka, mvua.
Kaniki ni kaniki: ikaanza kuachia.
Rangi ikashuka mgongoni, ikapita kiunoni,
ikaingia kwenye soksi za Aloisi, zile za kuazima.
Sisi tusioijua bahari
tukapanda kwenda migombani
bahari ikituchuruzika hadi visiginoni.

Zilifuliwa kwa majivu, zikafuliwa kwa sabuni,
zikabaki na mawingu yasiyotoka.
Mwaka uliofuata Aloisi akaingia ya Ndekirwa,
mimi nikapewa blauzi ya Aloisi,
na sketi yangu ikamngoja Fridolini.
Huyo akalala chini katikati ya njia ya mbuzi
akaapa kwa ulimi wa mtoto kwamba hainuki.
Mama akaipasua sketi katikati, akaishona miguu miwili.
Ilimbana. Aliivaa kwa furaha miaka mitatu.
Kola ya mwisho naikumbuka jikoni,
imekunjwa mara nne, ikishika chungu cha moto.

Lakini nilitaka kusema habari ya picha.
Siku ya nane tuliirudisha, nguo bado ziko kwa fundi.
Mimi nilibeba parachichi za shukrani.
Sista akavaa miwani, akaona:
fundi alikuwa amepiga mstari wa penseli
toka bega hadi bega la yule kijana mkubwa,
na juu yake ameandika 14.
Mama akashika ncha ya leso, akailowesha mate afute.
Sista akamzuia mkono.
"Anatoli," alisema, kidole juu ya mstari.
"Baada ya hapa, nguo nyingine ninayoikumbuka ilikuwa ya vita."
Akanyamaza. Nje wanafunzi walikuwa wakipasua kuni.
"Iache. Kuna mtu kampima
akidhani bado anakua."

Mama hakujibu kitu.
Njiani hakuniambia kitu.
Kesho yake, jogoo la kwanza, aliteremka tena mjini
kwa miguu, njia yote ile,
kumwambia fundi Shomvi
amwachie Ndekirwa pindo pana,
inchi tatu, au nne kama kitambaa kipo.