Penseli Nyekundu

Neno lenyewe tulilisikia redioni, neno la wenye bahari.
Mama yangu akalitafuna kidogo, akalitema:
"Sisi tuna ziwa. Ziwa halina miguu."
Kisha akarudi kuchambua sambaza,
vichwa huku, miili kule,
paka wa jirani akimsaidia kuhesabu.

Mimi ni karani wa viwanja.
Miaka kumi na tisa nimegonga muhuri,
wino wa zambarau, kidole gumba hakitakati tena.
Aliyetaka Muhumba nilimpa Muhumba.
Aliyetaka Nguba, mguu mmoja majini, nilimpa,
na aliyekosa kote kuwili akapanda Kadutu,
akauchimba mlima kwa jembe la kuazima,
akaweka mabati, akaweka watoto.
Bukavu ni mkono uliochovya vidole ziwani
kama mtu anayenawa kabla ya bugali.
Hakuna aliyeuliza
nani kashika jagi.

Juzi mhandisi Ntakwinja alileta karatasi zake.
Hakupaza sauti. Angepaza, ningemdharau.
Akasema kuna ukingo ng'ambo, umeota nyufa;
mvua za Aprili zikiunywesha,
likaja tetemeko, dogo tu, la kuangusha vikombe,
kilima kizima kitaingia majini
bila kuvua viatu.
"Halafu?"
"Halafu ziwa litatafuta pa kukaa."

Wa pwani husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu.
Huku hatuna minazi. Tuna mabeseni.
Jioni nikajaza la kufulia,
nikapanga vizibo vya soda ukingoni, kwenye mdomo wake mpana:
hiki bandari, hiki kanisa, hiki soko la ndizi,
hiki shangazi Nabintu na vitenge vyake vya mkopo.
Cikuru, mwanangu, miaka saba,
akaangusha kipande cha tofali.

Maji kwanza yaliondoka.
Hilo ndilo sikulitarajia, adabu ile,
yalivyojivuta nyuma upande wa vizibo
kama mgeni anayekupisha mlangoni.
Kisha yakarudi bila kubisha hodi.
Shangazi tulimkuta chini ya kabati.
Cikuru akapiga makofi:
"Tena, baba!"

Alipolala nikaazima penseli yake ya shule, nyekundu,
nikaikunjua ramani mezani
nikachora maji yatakapofika.
Mstari ulipita bandarini, ukameza maghala,
ukapanda ngazi za shule ya masista
mpaka darasa la tatu, ukasita, ukashuka,
ukaingia jikoni kwa watu ambao nazijua sahani zao.
Kila kiwanja ulichokigusa kilikuwa na wino wangu.
Mia mbili na kumi na mbili, mimi.
Kumi na tatu, mimi.
Kumi na nne nilikataa mara mbili, ya tatu ikaja na mbuzi.
Mia mbili na arobaini: mama.
Hapo ncha ikavunjika.
Nikaichonga kwa wembe, nikaendelea.

Jumatatu akaja Byamungu, tajiri wa saruji,
anataka baraza ya kunywea chai
huku mawimbi yakimlamba nyayo.
Sikusema kitu. Nikamfunulia ramani.
Akainama, akaufuata mstari kwa kidole chenye pete,
polepole, kutoka bandarini hadi shuleni,
uso ukamng'aa:
"Kumbe mnaleta barabara mpya!
Bei si itapanda?"

Muhuri uko kwenye droo. Ufunguo ninao mimi,
na mkubwa wangu ana wa pili.

Nyumbani nimekuta karai la sambaza
limehamishwa ngazi mbili juu,
na kiti chake, na redio,
na picha ya marehemu baba kwenye fremu iliyopasuka.
"Huku kuna jua zuri," anasema mama, hanitazami.
Ni saa moja usiku.
Nabeba jiko, naliweka karibu naye.